Jakarta: Kubwa, Ndefu, Inayozama

Mnamo Novemba 2025 Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu mpya za miji ya dunia, na Tokyo, iliyokuwa imezoea kukaa kileleni kwa miongo kadhaa, ikashuka hadi nafasi ya tatu. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, wenye karibu watu milioni 42. Dhaka ya Bangladesh ikawa ya pili. Hesabu hiyo haiishii kwenye mipaka ya mkoa wa Jakarta, ambao wenyewe una watu milioni 10 na ushei. Inafuata nyumba zinavyopakana bila kukatika, kutoka ufukwe wa Bahari ya Java hadi Bogor penye vilima, Bekasi upande wa mashariki na Tangerang upande wa magharibi. Panda treni katikati ya mji, safiri saa nzima kuelekea kusini, na dirishani bado utaona mapaa ya vigae, nguo zilizoanikwa na minara ya misikiti.

Wingi huo huwatisha wageni. Watalii wengi hutua uwanja wa ndege wa Soekarno-Hatta, wakabadilisha ndege na kwenda zao Bali bila kuuona mji. Wanapoteza kitu kikubwa. Jakarta haina fukwe nzuri, hewa yake si safi, na jua lake la saa sita mchana halina huruma. Lakini ni jiji ambalo vitu vyake vilivyoshika namba moja, karibu vyote, vilijengwa kwa ajili ya watu wengi wenye kipato kidogo, na mgeni anavitumia kwa bei ileile anayolipa mwenyeji. Ndiyo maana orodha hii inaanzia kwenye kituo cha basi.

Mabasi yenye njia ndefu kuliko zote

Transjakarta ilianza tarehe 15 Januari 2004 kwa njia moja tu, kutoka Blok M hadi Kota, ikiwa ya kwanza ya aina yake Kusini-Mashariki mwa Asia. Mfano waliutoa Bogotá, Colombia: basi lipewe njia yake peke yake katikati ya barabara, kituo kiinuliwe hadi kiwe sawa na sakafu ya basi, na nauli ilipwe kabla ya kupanda. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi, maana hiyo ndiyo mwendokasi anayoijua. Miji hii miwili imetunukiwa tuzo ileile ya usafiri endelevu, ile inayohusishwa na taasisi ya ITDP: Dar es Salaam iliitwaa ya mwaka 2018 na Jakarta ya mwaka 2021.

Tofauti iko kwenye urefu. Njia kuu za Transjakarta zimefikia zaidi ya kilomita 250, na hakuna mtandao mwingine wa mwendokasi duniani unaozifikia. Siku ya kazi hubeba abiria zaidi ya milioni moja. Nauli iliwekwa kuwa rupia 3,500 mwaka 2005 na ikabaki hapohapo kwa karibu miongo miwili, huku bei ya mchele, mafuta na kila kitu kingine ikipanda. Kwa dola ya Marekani hiyo haifiki senti 25. Aliyepanda kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi alilipa rupia 2,000 tu, kwa kuwa saa hizo abiria wengi ni wafagiaji, walinzi na wauza sokoni. Nauli haidumu hivyo kwa bahati: serikali ya jiji hutoa ruzuku mwaka baada ya mwaka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa maana kuliko wote ambao Jakarta imeufanya katika karne hii.

Mgeni anahitaji kitu kimoja tu, kadi ya benki ya kujaza fedha, inayopatikana vituoni na kwenye maduka madogo ya Indomaret na Alfamart. Fedha taslimu hazipokelewi. Ukishapita getini, unaweza kubadilisha basi mara nyingi upendavyo bila kulipa tena, mradi usitoke nje ya kituo. Njia namba 1 peke yake inatosha kumwonyesha mtu mji: inaanzia Kota, ulipo mji wa kale wa Waholanzi, inapita Glodok, mtaa wa Wachina, inapakana na uwanja wa Monas, kisha inashuka barabara za Thamrin na Sudirman kati ya maghorofa hadi Blok M.

Njia namba 13 ni ya kupanda kwa ajili ya kutazama tu. Ilifunguliwa mwaka 2017 kutoka Ciledug hadi Tendean, na sehemu kubwa yake, zaidi ya kilomita 9, ni daraja la mabasi pekee. Mahali pengine basi linapita juu zaidi ya mita 20 kutoka ardhini, ukitazamana na madirisha ya ghorofa ya sita. Chagua kiti cha mbele.

Foleni, na watu waliokodishwa

Kuna rekodi ambayo hakuna aliyeiomba. Mwaka 2015 kampuni ya vilainishi ya Castrol ilitoa orodha ya miji kwa kuhesabu ni mara ngapi gari moja husimama na kuondoka tena kwa mwaka. Jakarta ikashika namba moja, mara 33,240.

Jiji lilikuwa limeshatafuta dawa tangu mwaka 1992. Katika saa za msongamano, gari linalopita barabara kuu za katikati ya mji lilipaswa kuwa na watu wasiopungua watatu. Sheria hiyo ikazaa kazi mpya papo hapo. Watu walijipanga kwenye barabara zinazoingia eneo hilo, wamenyoosha kidole kimoja au viwili, na dereva aliyepungukiwa na abiria akawachukua kwa ujira mdogo. Waliitwa joki. Mama mwenye mtoto mgongoni alihesabiwa kuwa watu wawili, kwa hiyo alikuwa na soko zaidi. Mwaka 2016 sheria ikafutwa, na sababu mojawapo ilikuwa hao watoto waliokuwa wakitumiwa.

Wengi waliamini kwamba hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa joki walikuwa wakiwasaidia madereva kuikwepa sheria kila siku. Watafiti wa uchumi Rema Hanna, Gabriel Kreindler na Benjamin Olken walikusanya takwimu za mwendo wa magari kutoka kwenye ramani za simu, kabla na baada ya kufutwa, na mwaka 2017 jarida la Science likachapisha walichokiona. Ucheleweshaji uliongezeka kwa asilimia 46 asubuhi na asilimia 87 jioni, tena hata kwenye barabara na saa ambazo sheria haikuwahi kuzigusa. Sheria iliyotoboka pande zote ilikuwa imeushikilia mji mzima. Sijui jiji jingine lililopata ushahidi ulio wazi hivi kuhusu foleni zake, na wapangaji miji wetu wangefanya vema kuusoma. Baadaye Jakarta ilileta utaratibu wa namba shufwa na witiri: tarehe ya witiri hupita magari yenye namba za witiri, tarehe ya shufwa hupita ya shufwa.

Kwa masafa mafupi kuna bajaj, zilezile kutoka India tunazozijua. Zilianza kuingia Jakarta mwaka 1975, za rangi ya machungwa, zenye moshi na makelele. Za sasa ni za buluu na zinaendeshwa kwa gesi asilia. Patana bei kabla hujaketi. Kabla ya bajaj mji ulitegemea becak, baiskeli za magurudumu matatu ambazo abiria hukaa mbele na mwendeshaji nyuma. Katika miaka ya 1980 serikali ilizikamata kwa maelfu na kuzitosa katika Ghuba ya Jakarta, na watu waliozitegemea kwa chakula cha siku wakaachwa mikono mitupu. Ni sura chungu, na haistahili kusahaulika kwa sababu tu mabasi ya leo ni mazuri.

Bodaboda huitwa ojek. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Gojek, iliyoanza mwaka 2010 na madereva wapatao 20 na kituo cha kupokea simu, ikakua hadi kuwa moja ya kampuni kubwa za teknolojia za Indonesia. Mgeni asiyejua lugha aiweke programu hiyo kwenye simu yake: bei anaiona kabla ya safari, na kofia ngumu anapewa.

Reli: kutoka kwenye paa hadi kilomita 350 kwa saa

Treni ya kwanza ya umeme ilitembea hapa tarehe 6 Aprili 1925. Miaka mingi baadaye treni hizohizo zilijulikana kwa abiria wanaokaa juu ya paa, chini ya nyaya za umeme. Mnamo Januari 2012 shirika la reli lilifika mahali pa kuning'iniza mipira ya zege juu ya njia ili kuwazuia. Kilichowashusha hasa ni huduma kuwa bora: mabehewa yenye kiyoyozi na milango inayofungwa, mengi yakiwa yameshatumika Tokyo, na nauli inayolipika. Behewa la kwanza na la mwisho ni la wanawake peke yao. Treni hizi, zinazoitwa KRL, ndizo njia bora ya kwenda Bogor kuona bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1817.

Reli ya mjini, MRT, ilifunguliwa Machi 2019 ikiwa na kilomita 15.7 na vituo 13. Ni safi, inafuata saa, na bado ni fupi kwa mji wa ukubwa huu.

Kisha kuna Whoosh. Oktoba 2023 treni hiyo ilianza kwenda Bandung, umbali wa kilomita 142, kwa mwendo unaofika kilomita 350 kwa saa. Ni ya kwanza ya mwendo huo Kusini-Mashariki mwa Asia na katika nusu nzima ya kusini ya dunia. Safari iliyokuwa ikichukua saa tatu sasa haizidi dakika 50. Iligharimu zaidi ya dola bilioni 7, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, na mjadala wa namna ya kuulipa bado ni mkali nchini humo. Hapa ndipo ninapositasita. Fedha hizo zingenunua kilomita nyingi sana za njia za basi.

Msikiti mkubwa, na aliyeuchora

Ukiwa na nusu siku tu Jakarta, itumie Istiqlal.

Ndio msikiti mkubwa kuliko yote Kusini-Mashariki mwa Asia. Wenyewe husema unachukua watu 200,000, ghorofa zote na ua vikijaa. Rais Sukarno aliweka jiwe la msingi tarehe 24 Agosti 1961, na Rais Soeharto akaufungua tarehe 22 Februari 1978, baada ya miaka 17 ya ujenzi uliokwamishwa na misukosuko ya siasa na uhaba wa fedha. Kila kipimo chake kimebebeshwa maana. Kuba lina kipenyo cha mita 45, kwa ajili ya mwaka 1945 Indonesia ilipojitangazia uhuru. Nguzo zinazolibeba ni 12, kwa tarehe ya mazazi ya Mtume katika mwezi wa Rabiul Awal. Ghorofa ni tano, kwa sala tano. Mnara ni mmoja tu, wa mita 66.66, kwa aya 6,666 za Kurani katika hesabu iliyozoeleka, na juu yake umesimamishwa mlingoti wa chuma wa mita 30, kwa juzuu 30.

Aliyeuchora alikuwa Mkristo. Friedrich Silaban, Mbatak wa Sumatra Kaskazini na mwana wa mchungaji, alishinda shindano lililotangazwa mwaka 1955, lililokuwa na Sukarno mwenyewe kwenye meza ya waamuzi. Silaban hakuiga Istanbul wala Agra. Aliwaza juu ya jua na mvua. Kuta za Istiqlal zina matundu mengi, upepo unapita upande hadi upande, na hata Ijumaa penye maelfu ya watu chini ya kuba hakuna haja ya kiyoyozi. Chuma kisichoshika kutu na marumaru, hakuna rangi za kung'ara, hakuna nakshi zilizorundikana. Nimeona picha nyingi za misikiti mikubwa ya karne iliyopita, na mingi inataka utazame ilivyopambwa. Huu umefanya kazi ya kuwapa watu kivuli na hewa. Mwaka 2022, baada ya ukarabati uliouwekea paneli za jua na mifumo ya kupunguza matumizi ya maji, ulipewa cheti cha EDGE cha majengo yanayotunza mazingira, nyumba ya kwanza ya ibada duniani kukipata.

Ng'ambo ya barabara kuna kanisa kuu la Wakatoliki, lililokamilika mwaka 1901, lenye minara ya chuma kama lesi. Sukarno alitaka viwe jirani, naye ndiye aliyesisitiza kiwanja hicho, palipokuwa na ngome ya Waholanzi, wakati makamu wake Mohammad Hatta alipendekeza Thamrin. Krismasi waumini wa kanisa huegesha magari yao uwanjani kwa msikiti. Sasa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa mita 28 inaunganisha majengo haya mawili, na tarehe 5 Septemba 2024 Papa Francis na Imamu Mkuu Nasaruddin Umar walisimama pamoja kwenye mlango wake.

Wageni wa dini zote wanaruhusiwa kuingia nje ya nyakati za sala. Viatu huachwa chini, mwenye nguo fupi hupewa joho, na hakuna kiingilio.

Virefu, kwa kifupi

Dakika chache kutoka hapo umesimama Monas, mnara wa taifa, wenye mita 132. Kileleni kuna mwali wa shaba nyeusi wenye uzito wa tani 14.5, uliofunikwa kwa dhahabu: kilo 35 mwanzoni, zikaongezwa hadi kilo 50 mwaka 1995 taifa lilipotimiza miaka 50. Lifti ni moja, kwa hiyo nenda mapema. Uwanja unaouzunguka, Merdeka, pamoja na barabara zake unafikia takribani kilomita moja ya mraba, na ni miongoni mwa viwanja vikubwa zaidi vya mji duniani.

Jengo refu kuliko yote kusini mwa ikweta pia liko hapa: Autograph Tower, mita 383, lililoivua taji Q1 ya Gold Coast, Australia. Ukishaliona kwa nje umeliona.

Barabara zilizo chini yake ndizo zenye uhai, hasa Jumapili. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, Sudirman na Thamrin hufungwa kwa magari, na mji mzima hutoka kukimbia, kuendesha baiskeli, kucheza na kula.

Kwa wafanyabiashara wa nguo, Tanah Abang hauhitaji kutangazwa. Soko hilo lilianza mwaka 1735 na huhesabiwa kuwa soko kubwa kuliko yote la vitambaa Kusini-Mashariki mwa Asia. Jumamosi zamani ilikuwa siku yake maalumu. Sasa ni kila siku, na bei ya jumla huanzia pale unaponunua vipande vichache vya aina moja.

Bandari ya mbao na bahari inayopanda

Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki atajisikia nyumbani Sunda Kelapa. Hii ndiyo bandari ya kale iliyouzaa mji. Wareno walifika hapa mwaka 1522 wakafanya mkataba na ufalme wa Sunda kwa ajili ya pilipili manga. Mwaka 1527 jemadari Fatahillah aliwaondoa, na tarehe 22 Juni mwaka huo ndiyo siku ya kuzaliwa ya Jakarta. Mwaka 1619 Waholanzi wakautwaa na kuuita Batavia.

Leo gatini zimepangwa pinisi, meli za mbao zenye omo zilizochongoka na rangi zilizokolea, moja ya misafara mikubwa iliyobaki duniani ya vyombo vya mbao vinavyofanya kazi. Zinatengenezwa na Wabugis na Wakonjo wa Sulawesi Kusini, na ufundi huo uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017. Siku hizi husukumwa na injini, lakini wapagazi bado hupanda ubao mwembamba wakiwa na mifuko ya saruji mabegani, shehena ya kwenda Kalimantan. Uhusiano na pwani yetu si wa kufikirika. Mabaharia wa visiwa hivi walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakaijaza Madagaska watu na lugha yao, na matengo ya ngalawa zetu ni ufundi uliotoka upande huo.

Jirani na bandari ni msikiti wa Luar Batang, penye kaburi la Habib Husein bin Abubakar Alaydrus, aliyetoka Hadhramaut na kufariki Batavia mwaka 1756. Masharifu wa Hadhramaut walikwenda pande zote mbili za bahari, Java kama walivyokwenda Pate, Lamu na Komoro. Atakayehudhuria maulidi Luar Batang atakuta mengi anayoyafahamu.

Harufu inayotanda bandarini nayo ina habari yake. Ni kretek, sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia, na kutoka huko mbegu zilipitia Mauritius na Réunion hadi kufika Zanzibar. Mahitaji ya viwanda vya kretek yakawa makubwa hivi kwamba kwa miaka mingi ya karne ya 20 Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa karafuu za Unguja na Pemba. Wakulima wake walipopanda za kutosha, katika miaka ya 1980, wakulima wa Pemba waliona bei ikiporomoka.

Tembea kuelekea Muara Baru utakutana na ukuta wa bahari. Upande wa nje, ndani ya maji, umesimama msikiti wa Wal Adhuna, mtupu, sakafu yake ikiwa chini ya mawimbi. Mapema karne hii watu walikuwa bado wanaswali humo. Jakarta imekuwa miongoni mwa miji inayozama kwa kasi kubwa zaidi duniani: baadhi ya sehemu za kaskazini zimeshuka mita 2.5 katika miaka kumi, na takribani asilimia 40 ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Bahari inapanda, ni kweli, lakini kosa kubwa liko chini ya ardhi. Mabomba ya maji hayajafika kila nyumba, kwa hiyo watu, mahoteli na viwanda huchimba visima na kuvuta maji, na udongo uliokauka hujibana na kushuka pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Tokyo ilikuwa na ugonjwa huohuo, ikazuia visima, na kuzama kukakoma. Tiba inajulikana, na inaanzia kwenye bomba la maji safi kwa maskini wa kaskazini mwa mji.

Serikali ilichagua pia njia nyingine. Sheria ya mwaka 2022 iliamua mji mkuu uhamie Nusantara, unaojengwa Kalimantan Mashariki, na Agosti 2024 sherehe za uhuru zilifanyika huko. Kazi hiyo imepungua kasi, na Jakarta imeendelea kubeba wizara, balozi na foleni zake.

Chakula

Mwaka 2011 na tena 2017, wasomaji wa CNN walipoulizwa chakula kitamu kuliko vyote duniani, waliichagua rendang. Kura za namna hiyo hupigwa na wenye hamasa, na Waindonesia wanayo. Hata hivyo sina ugomvi na matokeo. Rendang ni nyama ya ng'ombe inayopikwa kwa tui zito, pilipili, mchaichai, vitunguu na manjano kwa saa nyingi, hadi tui likauke kabisa na nyama ikaangike kwa mafuta ya nazi yenyewe. Inatoka nyeusi, kavu, na inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Asili yake ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, nao ndio wenye migahawa ya Padang iliyo kila mtaa wa Jakarta. Huagizi kitu. Mhudumu anakuja na sahani kumi na zaidi zimepandana mkononi mwake na kuzipanga zote mezani; unalipia ulizogusa tu. Kula kwa mkono wa kulia, bakuli la maji ya kunawa liko mbele yako.

Wenyeji wa Jakarta, Wabetawi, wana vyao. Asubuhi ni nasi uduk, wali wa nazi wenye mchaichai, unaoliwa na yai, karanga na pilipili ya kusaga. Mchana ni soto Betawi, supu ya nyama na utumbo iliyotiwa tui. Aliyezoea supu ya asubuhi mitaani kwetu atashangaa nazi inavyoibadilisha. Gado-gado ni mboga za kuchemsha, yai na viazi chini ya mchuzi mzito wa karanga. Usiku mishikaki ya sate hupepewa juu ya mkaa kila kona.

Kisha tambi. Indonesia ni ya pili duniani, baada ya China, kwa kula tambi za papo hapo, na Indomie, inayouzwa pia Nairobi na Mombasa, ilizaliwa hapa. Kwenye vibanda vyake haitoki kama ilivyo kwenye pakiti: inawekwa yai, mboga za majani, pilipili mbichi iliyokatwa. Saa nane za usiku ndipo inapokuwa tamu zaidi. Kwa kitu baridi, nenda Ragusa, karibu na Istiqlal, duka la aiskrimu lililofunguliwa na Waitalia mwaka 1932 na kuaminika kuwa kongwe kuliko yote mjini. Viti ni vya henzirani, mashine ya kiyoyozi hakuna, na aiskrimu huyeyuka haraka.

Panga safari yako kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua, na ukiweza iwe Juni. Ndipo Kemayoran panapofanyika Pekan Raya Jakarta, maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1968, yanayodumu wiki kadhaa kuzunguka siku ya kuzaliwa ya mji. Nje na ndani ya uwanja utawakuta wauza kerak telor, chakula cha Kibetawi ambacho siku nyingine hupatikana kwa kutafuta. Mpishi hutandaza mchele wa kunata kwenye karai dogo, anapasulia yai la bata, anatia kamba wakavu na vitunguu vya kukaanga, kisha anaupindua uso wa karai kuelekea mkaa hadi chakula kiive kwa juu. Kwa kuwa kimeshikana, hakianguki. Juu yake hunyunyiziwa nazi iliyokaangwa. Omba yai la bata, usikubali la kuku, na ule papo hapo kabla halijapoa.